Ufuta umeuzwa Likunja, dau linasubiri Lindi

Likunja hakuna bahari. Mtoto anayezaliwa katika kata hii ya Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, hukua akiijua mikorosho, ufuta, mbaazi na vumbi la barabarani. Maji mengi anayoyaona ni ya mto uliofurika wakati wa mvua, na mvua zikiisha hubaki mchanga. Samaki wa baharini humfikia akiwa ameshakaushwa kwa chumvi, au amekaangwa, kwenye tenga nyuma ya pikipiki ya mchuuzi.

Ndiyo maana majirani walicheka waliposikia kwamba nyumba moja ya hapa inakwenda kununua dau.

Fedha ilikuwa ya ufuta. Wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale huuza mazao yao kwa mnada kupitia vyama vya msingi vilivyo chini ya Chama Kikuu cha Ushirika Runali, na malipo huingia benki. Siku ujumbe wa benki unapolia kwenye simu, kila nyumba ina orodha yake. Mama wa nyumba hii alitaka bati za chumba cha nyuma, ada na sare za shule, na unyago wa binti yao. Baba alikuwa na jambo moja tu.

Kijana wao mkubwa, mwenye miaka 22, anaishi Lindi mjini kwa mjomba wake, na kwa miaka minne amekuwa baharia kwenye chombo cha mtu. Mgawo ni ule uliozoeleka pwani. Samaki wakiuzwa, hutolewa kwanza gharama za mafuta, barafu na chakula. Kinachobaki hugawanywa: chombo kina fungu lake, nyavu na injini zina lao, mabaharia wanagawana lililobaki. Siku mbaya, fungu la baharia ni samaki wa mboga. Baba alipiga hesabu kwamba kijana akiwa na chombo chake, mafungu yote yatarudi nyumbani. Mjomba aliunga mkono, na kwa Wamwera neno la mjomba kuhusu watoto wa dada yake si la kupuuzwa.

Hesabu ilikuwa sahihi kwenye karatasi. Kilichokosekana kwenye karatasi hiyo ni maji.

Kuteremka kwenda pwani

Basi dogo hutoka Ruangwa alfajiri na kushuka kusini hadi Nanganga, linapoikuta barabara kuu inayotoka Masasi. Hapo linageuka kuelekea mashariki, Nyangao, Mtama, hadi Mnazi Mmoja, njia panda ya Lindi, Mtwara na Masasi. Kuanzia hapo hewa inabadilika. Minazi inaongezeka, mikoko inaonekana upande wa maji, kisha mashamba ya chumvi. Karibu na hapo, Mkwaya, ndipo Waingereza walipoanzisha reli ya kwenda Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati wa ule mradi wao wa karanga uliokufa mwaka 1951. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wazee wa Nachingwea bado huoneshana tuta lake, na hiyo ndiyo mara ya mwisho bara ya huku ilipofungwa moja kwa moja na bandari kwa chuma.

Ndani ya basi walikuwa baba, mama na mdogo wa yule kijana, mvulana wa miaka 13 aliyekuwa likizo ya Juni. Baba alisema wanamchukua ili aione bahari. Mama hakuona ubaya.

Lindi mjini imekaa pembeni ya ghuba, na ng'ambo ya maji ni Kitunda. Kivuko cha Serikali huvuka hapo, na vyombo vidogo pia huvusha watu. Mgeni kutoka bara akisimama ufukweni kwa nusu saa tu ataona mambo mengi ambayo muuzaji wa chombo hatamwambia: nani amevaa jaketi na nani ameliweka chini ya makalio kama mto, chombo kipi kinakaa sawa juu ya maji na kipi kimelalia upande, na nani kwenye kila chombo ana kopo mkononi na hachoki kuinama na kuinuka.

Dau lenyewe lilikuwa limevutwa juu ya mchanga chini ya mti. Urefu wake ulikuwa hatua nane za mtu mzima, saizi inayoingia juu ya Fuso na kutokeza kidogo nyuma. Lilikuwa na mlingoti, foromali, tanga lenye viraka, na injini ndogo ya nguvu ya farasi 15. Lilikuwa limepakwa rangi ya bluu inayong'aa, bado inanukia. Baba alilipenda papo hapo. Bei aliyotajiwa ilikaribia ya pikipiki mbili mpya, na alikuwa tayari kutoa mkono.

Mjomba alimvuta pembeni akamuuliza kama angenunua pikipiki iliyotumika iliyopakwa rangi jana.

Rangi, na kilicho chini yake

Hapo ndipo mkulima wa Likunja anapokuwa na akili kuliko anavyojidhania. Kila aliyewahi kununua bodaboda ya mtumba anajua kwamba injini iliyokwisha kupashwa moto kabla mnunuzi hajafika inaficha ugonjwa wa kugoma asubuhi. Injini ya boti ni hivyo hivyo. Weka kiganja juu yake kwanza. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Fungua plagi uzitazame. Fungua oili ya giaboksi: ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji ya bahari yameshaingia ndani. Ikishawashwa majini, tazama kama maji ya kupoza injini yanatoka kwa nguvu kwenye tundu lake, kwa sababu chumvi huziba njia hizo na injini huungua ikiwa mbali na nchi kavu. Soma namba iliyogongwa kwenye chuma na uilinganishe na karatasi. Injini za boti huibwa, na ya wizi ina bei nzuri kila mara.

Kwenye mbao, mkulima anahitaji macho ya mwingine. Fundi wa vyombo, si rafiki wa muuzaji, ndiye mtu wa kwanza wa kulipwa, hata kabla ya chombo. Fundi aliyeitwa na mjomba alikuwa mzee mwenye kisu kidogo na nyundo. Alikataa kulitazama dau siku hiyo. Lilikuwa limelalia ubavu mmoja mchangani na nusu ya tumbo lake halionekani. Alitaka lishushwe majini, lielee usiku mzima, kisha likaguliwe siku ya bamvua maji yakiwa yamekupwa kabisa.

Bamvua huja siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu. Pwani hii maji hupanda na kushuka mita 3 hivi siku hizo, na chombo kilichokuwa kikielea asubuhi hukaa juu ya tope saa chache baadaye, tumbo wazi. Siku za maji mafu, katikati ya hapo, bahari haishuki vya kutosha. Familia ilitakiwa kusubiri siku nne. Baba alinung'unika kuhusu gharama ya kukaa mjini. Mama alisema ufuta ulisubiriwa miezi minne.

Siku ya tano fundi aligonga ubao mmoja mmoja kuanzia omo hadi tezi. Ubao mzima hujibu kwa sauti kavu, uliooza hujibu kama boga. Alichoma ncha ya kisu karibu na misumari na pale mbao zinapokutana na mkuku, ule mti mkuu wa chini unaobeba chombo kizima. Kisu kikizama bila kusukumwa, ubao umekwisha. Alitafuta matundu madogo ya wadudu wa baharini wanaotafuna mbao kutoka ndani na kuziacha nzima kwa nje. Wenye vyombo makini huvipandisha mchangani mara kwa mara, huvichoma kwa moto wa makuti kuwaua wadudu hao, kisha huvipaka deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na mafuta, sehemu ya chini ya maji. Dau hili halikuwa na dalili ya deheni ya karibuni. Lilikuwa na rangi.

Majibu yake yalikuwa hivi: mkuku mzima, mataruma mawili yameoza upande wa kushoto, mbao tatu za kubadilishwa, na kalafati yote ya chini imekwisha. Kalafati ni pamba iliyolowekwa mafuta inayoshindiliwa kwenye maungio ya mbao ili maji yasipite. Ikichoka, chombo hakizami siku hiyo. Kinavuja polepole, saa baada ya saa, na mtu inabidi akae ndani akiyafua maji.

Kazi ya kopo

Wakati fundi akiendelea kugonga, muuzaji alitaka kuwatoa hofu wageni wake. Akaeleza kwamba dau zote za mbao huvuja kidogo, jambo ambalo ni kweli, na kwamba hata mwanawe mdogo amekuwa akilifua maji tangu akiwa darasa la nne. Kisha akamtazama yule mvulana wa miaka 13 na kumsifu kwamba ana mikono ya kazi.

Mama alimgeukia mumewe. Ikadhihirika kwamba mpango ulikuwepo. Mvulana angebaki Lindi likizo yote, na likizo ya Desemba pia, awe mtu wa nne kwenye dau la kaka yake. Watu wazima watatu wangeshika nyavu, tanga na usukani, na yeye angeshika kopo. Baharia mzima wa kufua maji anadai fungu. Mtoto wa nyumbani hadai.

Mambo ya namna hii hayapatikani kwenye mazungumzo ya bei, ingawa ndiyo bei yenyewe. Chombo chenye kalafati nzima kinaendeshwa na watu watatu. Chombo kinachovuja kinahitaji wa nne, na wa nne huyo, kwenye familia isiyo na fedha ya ziada, ni mtoto. Anakaa chini kabisa, kwenye ngama, miguu ndani ya maji yaliyochanganyika na petroli na oili, usiku, akisinzia. Wimbi likipiga, yeye ndiye asiyeshika kitu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaja kazi ya kwenda baharini miongoni mwa kazi hatarishi ambazo mtu wa chini ya miaka 18 hapaswi kufanyishwa. Ufukweni sheria hiyo wengi hawajaisikia, na baadhi ya walioisikia wanaichukulia kuwa inahusu watoto wa watu wengine.

Takwimu hazibembelezi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, karibu nusu yao wakiwa chini ya miaka 29, na robo wakiwa watoto chini ya miaka mitano. Zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tanzania imezoea kukumbuka meli kubwa: MV Bukoba mwaka 1996, MV Spice Islander mwaka 2011, MV Nyerere mwaka 2018. Vyombo vidogo huzamisha mtu mmoja, wawili, na habari huishia msibani.

Mtoto wa bara ana tatizo la ziada. Mwenzake wa Lindi amechezea maji tangu anatambaa. Wa Likunja anaweza kuwa na mabega ya mkulima na asijue kuelea dakika moja. Anayezama, tofauti na wengi wanavyodhani, hapigi kelele. Mdomo uko majini, hana pumzi ya kuitia mtu. Kwenye giza la usiku na mlio wa injini, wenzake hugundua kwa kuona maji yameanza kujaa chomboni na kopo halisikiki.

Baba hakujibu kitu kwa muda mrefu. Halafu akamuuliza fundi kalafati yote itagharimu kiasi gani.

Hesabu inapangwa upya

Kuanzia hapo orodha ilishikwa na mama, na ilikuwa na mpangilio mwingine. Alitaka kwanza itolewe fedha ya majaketi okozi, ambayo pwani wengi huyaita laifujaketi, manne mapya. Dau lilikuja na matatu ya zamani, rangi ya chungwa iliyopauka hadi kuwa kama ya samli. Kijana alivaa moja, akaingia majini hadi kifuani na kuinua miguu. Jaketi lilimwachia hadi puani. Sponji la ndani limekwishavunjika na kunywa maji. Majaketi ya namna hii ni mabaya kuliko kutokuwa nayo, maana yanampa mtu moyo wa kwenda mbali.

Jaketi zuri hupimwa kirahisi. Mtu akivaa na kufunga mikanda yote, mwingine ashike mabegani na kulivuta juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa kwake, na majini litamvuka. La mtoto liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, na uzito linaoubeba uwe umeandikwa kwa ndani. Mtoto akivushwa tu kwenda Kitunda au kisiwani kutembelea ndugu, avae lake, si la baba yake.

Kisha mama aliuliza swali ambalo wanaume watatu hawakulifikiria: dau hili linakwenda kasi gani? Mjomba alicheka, halafu akajibu kwa uzito. Chombo kizito cha saizi hii hukata maji kwa karibu kilomita 10 kwa saa, mwendo wa baiskeli isiyo na haraka. Kufunga injini kubwa zaidi hakusaidii sana. Tezi huzama, omo huinuka, petroli huisha, na mwendo ni ule ule. Kwa hiyo waliokwenda kilomita 15 kutoka ufukweni wako saa moja na nusu mbali na nyumbani kama hali ni shwari. Upepo wa kusi ukiwa mkali, kama unavyokuwa Juni hadi Agosti, ni zaidi. Mwenye chombo cha polepole anapaswa kujua hali ya hewa kabla ya kutoka, si akiwa huko. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi kila siku, na mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani hii mwezi Mei, tahadhari ilitangulia mvua. Mama aliagiza utabiri uwe unatumwa kwenye simu yake pia, Likunja. Kijana aliona aibu kidogo mbele ya wenzake, lakini alikubali.

Kuna jambo dogo la nyumbani ambalo wazazi wa mabaharia hulipata kwa uchungu. Petroli ya injini hubebwa na kuhifadhiwa kwenye chupa za maji na za soda. Mtoto wa miaka miwili aliyeamka na kiu hatofautishi. Akinywa, asitapishwe wala asinyweshwe maziwa, kwa kuwa petroli inayorudi kooni huingia kwenye mapafu, na huko ndiko inakoua. Apelekwe kituo cha afya mara moja. Dumu la mafuta liwe la rangi moja, lenye kifuniko, na likae juu, nje ya chumba cha kulala.

Na mtu akitolewa majini hapumui, asining'inizwe miguu juu wala kukandwa tumbo ili maji yatoke, kama ilivyozoeleka fukwe nyingi. Kilichomwishia ni hewa. Alazwe chali mahali pagumu, kichwa kirudishwe nyuma, puani pabanwe, apewe pumzi za mdomo kwa mdomo kwanza, kisha kifua kikandamizwe katikati mara 30 kwa pumzi 2, bila kuacha hadi msaada ufike. Aliyezinduka naye apelekwe hospitali. Lindi ni Sokoine, hospitali ya rufaa ya mkoa. Mapafu yaliyonywa maji yanaweza kumgeuka saa kadhaa baadaye akiwa amelala nyumbani.

Boti ya Kilwa

Wakati haya yakijadiliwa, mjomba alipokea picha kwenye simu: boti ya faiba iliyotumika, inauzwa Kilwa Masoko, bei juu kidogo ya dau. Mwaka 2023 Serikali ilianza kugawa boti za faiba kwa mkopo wa masharti nafuu kwa wavuvi, na tangu hapo vijana wengi hawataki kusikia habari ya mbao.

Faiba ina faida moja kubwa kwa watu wa bara: inasafiri. Dau la mbao likipandishwa kwenye lori na kukaa juani siku kadhaa, mbao hukauka na kujikunja, maungio yanafunguka, na likirudishwa majini huvuja kama kikapu hadi mbao zivimbe tena. Ndoto ya baba ya kulileta dau Likunja msimu wa masika ili lisikae bure, aliyoitaja njiani kwenye basi, ingeliua kwa msimu mmoja. Faiba haijali. Inapakiwa juu ya tela au Fuso, mkuku ukalie mbao au matairi ya zamani kwa urefu wote, ifungwe kwa kamba pande zote, na injini ing'olewe ilazwe peke yake. Ikiachwa ikining'inia nyuma, kila shimo la barabara hulipasua lile pambizo linaloibeba.

Pambizo hilo la nyuma ndilo la kukaguliwa kwanza. Kwenye boti nyingi ndani ya faiba ya nyuma kuna ubao, na maji yakipenya kupitia matundu ya boliti, ubao huoza bila kuonekana. Shika injini kwa juu uitikise. Nyuma ikicheza, boti hiyo ni ya kujengwa upya. Kanyaga sakafu yote kwa kisigino, inapobonyea pameoza. Tafuta nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na mahali palipojazwa puti na kupakwa rangi isiyofanana.

Picha ya Kilwa ilionesha boti kwa mbele tu. Waliomba ya nyuma. Ilikuwa haijafika hadi jioni.

Karatasi nazo zilimalizwa kwa haraka kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu za dau zilikuwapo. Chombo cha uvuvi husajiliwa halmashauri na kuandikwa namba ubavuni, leseni hukatwa kila mwaka, na usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara husimamiwa na TASAC. Namba ya ubavuni ilifanana na ya kwenye karatasi, na kikundi cha BMU cha mwalo huo kilimtambua muuzaji kuwa ndiye mmiliki, na kwamba chombo hakijawahi kushikwa kwa uvuvi wa baruti. Mauziano yangeandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, yakitaja chombo, tanga na injini kila kimoja kwa jina lake. Wengi wamelipia chombo na kukuta asubuhi injini imekwenda na mwenyewe.

Muuzaji alishusha bei baada ya kusikia majibu ya fundi, lakini si kwa kiasi cha matengenezo yote. Baba alipiga hesabu mara tatu kwenye simu. Mbao, mataruma, kalafati, majaketi manne, na fungu la baharia wa tatu mzima. Dau lingeweza kununuliwa, ila bati za chumba cha nyuma zingesubiri korosho za Oktoba. Unyago wa binti haukuguswa. Mama alikuwa amekwishautoa kwenye hesabu tangu Likunja, bila kumwambia mtu.

Walikubaliana na fundi arudi Jumatatu na mbao, kabla fedha yoyote haijahesabiwa mbele ya muuzaji. Kijana alibaki Lindi kusubiri picha ya Kilwa. Mvulana wa miaka 13 aliruhusiwa kuingia majini hadi kiunoni, amevaa jaketi jipya, kaka yake akimshika mkanda, akajifunza kulala chali juu ya maji. Mara ya kwanza alizama na kutoka akikohoa, mara ya nne alielea. Kisha akabadilisha nguo, na saa sita mchana alipanda basi la Ruangwa pamoja na mama yake. Kopo la kufulia maji lilibaki chini ya mti, ndani ya dau.